Supachaja Haina Haraka ya Kufa

Wanangu wa Magongo na Mikindani, na nyinyi wa Mtopanga na Likoni, mwaniuliza swali lile lile nililoulizwa na kaka zenu, na kabla yao wajomba zenu: Mzee, hii kompresa itadumu muda gani? Na nyote huja kuuliza mkiwa mmeshalipa. Gari limeshushwa Kilindini, limekaa yadi, limeoshwa likang'aa, nyuma limebandikwa lile neno Kompressor, na mnunuzi ashakata shauri ndipo anatafuta ushauri. Siwalaumu. Kipya kinyemi, na moyo wa kijana ukishapenda gari hausikii la mzee. Lakini swali lenu ni zuri, jibu lake ni refu kuliko mnavyotaka, basi ketini.

La haraka nitawapa kwanza. Supachaja, ndiyo hiyo kompresa yenu, iliyotunzwa kama inavyofaa huenda kilomita 150,000 mpaka 250,000 bila kufunguliwa, na nyingi huzeeka pamoja na injini yenyewe. Mtu wa Likoni anayevuka kwenda kazini na kurudi, Jumamosi akapeleka watoto kwa nyanya yao Kisauni, akawa anatembea kama kilomita 30 kwa siku, hamalizi sana zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe. Kilomita 150,000 ni miaka kumi na tano. Sasa mbona twaziona zile Mercedes C180 na C200 zimeinuliwa juu ya mawe kwenye gereji, magurudumu yashauzwa, mwenyewe hapokei tena simu ya fundi?

Jibu liko kwenye mikono yetu, na ili mnielewe yabidi tufungue boneti kidogo.

Chombo chenyewe ni cha kale. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, huko Indiana nchini Marekani, walikipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1860 kikiwa pampu ya kusukuma hewa, kabla gari lenyewe halijakuwepo. Mercedes walionyesha magari yao ya kwanza ya supachaja kule Berlin mwaka 1921. Ndani mna rota mbili zilizojipinda, zinazozunguka ubavu kwa ubavu bila kugusana, zikivuta hewa huku na kuisukumia kwenye injini kule. Mkanda wa mbele ya injini ndio unaozizungusha. Hata injini ikikazwa sana, rota hizo huenda mizunguko elfu kumi na kitu kwa dakika, na gia zake zimewekewa oili yake zenyewe, kidogo tu, iliyofungiwa humo humo, isiyochanganyika na ya injini.

Hapo ndipo inapoachana na tabo. Tabo ya Subaru Forester, au ya zile Hiace za dizeli zinazopakia abiria, huzungushwa na moshi wa moto, hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na beringi zake huelea juu ya oili ya injini. Mwenye tabo akishuka kutoka Nairobi amekimbiza gari njia nzima, akafika nyumbani akazima papo hapo, oili iliyobaki kwenye beringi hupikika ikawa masizi, na masizi hayo huziba vijia vya oili. Huyo ndiye wa kuambiwa aache injini ingurume polepole dakika moja kabla ya kuzima. Mwenye supachaja hana haja na hilo. Lakini nimewaona vijana wanaketi ndani ya Mercedes iliyoegeshwa, wanangoja injini ipoe kwa sababu ndivyo alivyoambiwa jirani mwenye Subaru, na wakati huo huo filta ya hewa haijaguswa tangu gari litoke Japani.

Filta ya hewa, wanangu. Ndilo jambo ninalolirudia mpaka mate yakanikauka. Kuta za ile pampu na rota zake zimeachiana nafasi ndogo mno, na vumbi likipita filta iliyochanika au isiyokaa vizuri, hukwangua na kuchakaza ile nafasi mpaka hewa inaanza kurudi nyuma. Barabara za ndani kule Utange na Mtopanga ni vumbi kavu kiangazi kizima. Kitabu cha gari kiliandikwa kwa ajili ya barabara za lami. Hapa kwetu filta itazamwe kila oili inapomwagwa, na ikishakuwa nyeusi isikung'utwe ukutani ikarudishwa. Bei yake haifiki hata ya matumizi ya jikoni ya wiki kwa nyumba nyingi, na bado ndiyo ya mwisho kununuliwa. Wakati wa masika nako, yale maji yanayojaa barabarani si ya kuyapitia kwa kasi. Injini ikinywa maji, supachaja si kitu, utalilia pistoni.

La pili ni kelele, na hapa ndipo pesa nyingi humwagika. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma taratibu, unasikia mlio mbele kama maharagwe makavu yanayotikiswa ndani ya mkebe. Ukikanyaga mafuta kidogo mlio unapotea. Fundi mwenye haraka atasema kompresa imekufa. Mara nyingi haijafa. Kuna kiungo kidogo kwenye pua ya supachaja, kinachoshika puli na kuipasia rota mzunguko, nacho huchakaa. Au ni puli ya kukazia mkanda imekwisha beringi. Na gari likiwa halina nguvu, basi huenda ni hozi ya hewa iliyopasuka kwa joto. Vitu hivi ni vya kubadilisha. Ila mwenye gari kashaambiwa kompresa, kashakimbilia maduka ya spea za eks-Japan, kanunua nyingine ambayo hajui ilitoka gari gani na kwa nini ilitolewa. Huyo kauziwa mbuzi ndani ya gunia. Ikifungwa, mlio ule ule.

Nawaomba mumwambie fundi autoe mkanda kwanza, azungushe puli moja moja kwa mkono. Puli ya supachaja ikizunguka laini, isiyotikisika wala kukwaruza, mshukuruni Mungu mtafute kasoro pengine.

Na kuna wale wanaoitaka nguvu zaidi ya waliyouziwa. Hufunga puli ndogo ili rota ziende mbio kuliko zilivyopimiwa, wakachezea na kompyuta ya gari, na kweli mwezi wa kwanza gari hupaa hapo daraja la Nyali. Halafu hewa inachemka kwa kusindikwa kupita kiasi, injini inaanza kugonga, beringi zinapiga kelele. Ujana una moto wake na sitaraji kuuzima. Nasema tu kwamba anayefunga puli ndogo aweke na fungu la beringi.

Lakini wanangu, kubwa kuliko yote ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Supachaja nyingi hapa kwetu zimezika injini zao. Zile Mercedes nne-silinda zilizotengenezwa tangu 2002 mpaka mwishoni mwa mwongo ule, kabla kampuni haijahamia tabo, udhaifu wake mashuhuri si kompresa. Ni cheni ya taimingi inayorefuka na meno ya gia zake kulika, na kinachoiharakisha ni oili mbovu iliyokaa muda mrefu. Ukisikia mkwaruzo wa sekunde chache asubuhi unapowasha, cheni inakuita. Mwenye gari husikia, akaongeza sauti ya redio. Siku cheni inaporuka, vali na pistoni zinagongana, injini imekwenda, na fundi anaifungua supachaja ikiwa nzima na kumuuzia mwingine. Volkswagen za TSI 1.4, zile zilizofungwa supachaja na tabo pamoja kuanzia Golf GT ya 2005, hadithi yake ni jamaa ya hiyo. Supachaja yao hufanya kazi mpaka karibu mizunguko 3,500 tu ya injini kisha hupumzika, hivyo haichoki upesi. Pistoni ndizo zilizowatoa watu machozi, pamoja na pampu ya maji iliyounganishwa na klachi yake.

Najua kwa nini oili inacheleweshwa. Karo imefika, unga umepanda, mgonjwa yuko Coast General, na gari bado linawaka, basi mtu hujiambia mwezi ujao. Wengine hununua oili ya kupimiwa, rangi nzuri, jina halijulikani. Ni udhaifu wa kibinadamu na kila nyumba inao. Ila injini hizi zataka oili ya sintetiki kamili, na kwa foleni zetu za feri na za Changamwe, ambapo injini inawaka saa nzima na kilomita hazisongi, msingoje kitabu kinavyosema. Mwageni kila kilomita 7,000 au 8,000. Kama fedha ni haba, afadhali gari lipumzike wiki mbili mtu apande matatu, kuliko kulitembeza na oili iliyokwisha.

Tena hesabuni umri kwa haki. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi huleta la mwaka wa saba ili kupunguza bei. Mnunuzi huanza kuhesabu siku alipopata namba ya Kenya. Raba, plastiki na ile oili iliyofungiwa ndani ya supachaja zimeanza kuhesabu Japani. Kompressor ya 2008 inayotembea leo imepita umri ambao watu huisamehe mikanda na hozi. Oili yake ya ndani yaweza kutolewa na kutiwa nyingine. Ya zamani ina harufu mbaya ajabu, msishtuke, na iliyotiwa isiwe ya injini bali ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi akikwambia haibadilishwi maisha, muulize maisha ya nani.

Anayetaka kununua bado, asubiri asubuhi, alikute gari baridi, awashe mwenyewe boneti ikiwa wazi na redio imezimwa. Asikilize sekunde kumi za kwanza. Muuzaji akiwa ameshalipasha moto kabla hujafika, rudi kesho yake. Na wewe uliyekwisha kununua, Jumamosi hii usiende kuliosha. Mpelekee fundi atazame filta, mkanda na cheni, umlipe, kisha ulioshe ukipenda.