Ala Isiyo na Kisu

"Kisu chake kiko wapi?"

Swali hilo aliniuliza mshikaji wangu mmoja, jioni moja tukiwa chumbani kwangu Mabibo, Dar es Salaam, tunasubiri wali uive. Alikuwa amenyanyua macho ukutani, mahali nilipotundika ala ya mti. Urefu wake ni kama kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Imechongwa matundu marefu ubavuni na kuzungushiwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, kwa ustadi ambao mimi na mikono yangu ya kushika kalamu siuwezi. Kila mgeni anayeingia huisifia. Wengine huupapasa ule waya na kusema, "Bwana, watu wa zamani walikuwa na kazi!" Yeye hakusifia. Aliuliza kisu.

Nikamwambia kisu sina, nina ala tu. Akatikisa kichwa, tukala wali, akaaga. Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka jambo ambalo siku zote nilikuwa nalijua: mama yake alivuka daraja la Rusumo mwaka 1994, kambeba kaka yake mgongoni.

Tangu siku hiyo, ndugu msomaji, nimekosa amani na ukuta wangu mwenyewe. Nimeandika makala hii ili nijue kama nina haki ya kupenda kitu kile.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtu wa Ngara, baba Mhangaza, mama Mzinza wa Biharamulo. Nakusanya vitu vya chuma na mapambo yake. Si mali nyingi, hata kabati haijai. Nina jembe la zamani alilokuwa nalo babu mzaa mama kule Biharamulo. Nina kitako cha mkuki kilichovikwa pete za shaba. Na nina hiyo ala. Wenzangu wakinunua viatu, mimi naulizia vyuma kwa wazee. Wananicheka. Haidhuru.

Jembe la babu ndilo lililonifundisha kwamba chuma kina maneno. Huko Buzinza walikuwepo Warongo, wahunzi waliotafuta mawe ya chuma, wakachoma makaa, wakajenga tanuri na kuvuta mivukuto hadi jiwe likatoa chuma. Majembe yao yalisafiri mbali hadi Unyamwezi, yakatolewa mahari, yakatumika kama fedha. Kwao kuyeyusha chuma hakukuwa kazi ya moto tu. Tanuri lilikuwa kama mwanamke anayejifungua. Dawa zilifukiwa chini yake, na mafundi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alikaa miaka mingi na wazee wa Kagera na wa Buzinza akiyaandika mambo haya, na maandishi yake yanaonyesha kwamba wazee wetu hawakuona mpaka kati ya ufundi na maana.

Lakini sikiliza: tanuri lilizaa jembe, na tanuri hilo hilo lilizaa mkuki. Ndugu wa mama mmoja. Mmoja analisha, mwingine anaua. Nani aliwatenganisha? Moto haukuwatenganisha.

Sasa habari ya ala. Aliinunua mama.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja, watu zaidi ya 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuja Ngara. Soma tena idadi hiyo. Daraja moja, siku moja. Katika umati ule walikuwamo waliokuwa wakikimbia vita, walikuwamo waliochukuliwa na mkumbo wa jirani zao, na walikuwamo waliotoka kuua. Kwenye mpaka waliambiwa waweke silaha chini. Mapanga na visu vikawa lundo kando ya barabara, na picha za lundo lile zilizunguka dunia nzima. Chini ya daraja Mto Kagera ulikuwa unapeleka maiti Ziwa Victoria, hadi watu wa ziwani wakaogopa kula samaki.

Kambi ikawa Benaco. Mama alikuwa msichana. Wakimbizi walikuwa wakipewa mahindi na maharage, lakini mtu aliyezoea ndizi hawezi kula mahindi kila siku bila kuota ndizi. Basi mama akawa anawapelekea ndizi na kurudi na alichopata. Siku moja mzee mmoja akamletea ala. Kisu, alisema, kakiacha darajani kwenye lundo. Ala hawakumnyang'anya, ala ya mti itamdhuru nani? Mama akampa mkungu mmoja wa ndizi.

Nilipokuwa mdogo ile ala ilikaa darini, pamoja na mbegu za maharage. Nilipokuja mjini kusoma nikaomba nipewe. Baada ya swali la mshikaji wangu nikapiga simu nyumbani.

"Mama, yule mzee hukumuuliza kile kisu kilifanya nini?"

Mama akanyamaza kidogo. "Nimuulize nini, mwanangu? Mtu ana njaa ya ndizi, umuulize kisu?"

"Lakini..."

"Na ningemuuliza angenijibu? Halafu akinijibu, ningefanyaje? Ndizi ningemnyima?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nikaanza kujitafutia utetezi, kama ilivyo kawaida yetu sisi watu wa vitabu. Utetezi nikaupata kwenye kitabu cha picha nilichonunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Kitabu chenyewe hakina panga hata moja kamili. Kina mapambo ya panga za Wajapani, basi. Kuna bamba la duara linalokaa kati ya mpini na makali ili mkono usiteleze. Wenyewe wanaliita tsuba. Kuna vijisanamu viwili vidogo vinavyofungwa mpinini, vinaitwa menuki. Kuna kijisu chembamba kinachochomekwa ubavuni mwa ala, ambacho mpini wake huitwa kozuka. Vitu vya kutosha kiganjani, lakini juu yake utakuta mbalamwezi, korongo, mawimbi, maua ya cheri. Utakuta kereng'ende, kwa sababu walimwona ni mdudu anayekwenda mbele wala harudi nyuma, akawa alama ya ushindi. Ua la cheri huanguka likiwa bado zuri, na hivyo, walisema, ndivyo shujaa anavyopaswa kufa.

Mafundi wao nao walikuwa na siri za tanuri. Walichanganya shaba na dhahabu kidogo sana, wakaitia dawa, ikageuka nyeusi yenye zambarau ndani yake kama bawa la kunguru. Ukoo wa Goto ulifanya kazi hii kwa watawala wa Japani kuanzia karne ya 15, mtoto akirithi kwa baba.

Kilichonifurahisha zaidi ni historia yake. Ufundi huu ulichanua sana wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa, kati ya mwaka 1603 na 1868, miaka zaidi ya 250 ambayo kwa sehemu kubwa nchi ilikuwa na amani. Upanga ulikaa kiunoni, haukuchomolewa. Mtu akawa anatambuliwa kwa bamba lake na mpini wake. Kisha mwaka 1876 serikali mpya ikapiga marufuku raia kutembea na panga. Mafundi wakakosa kazi, mapambo yakavuliwa kwenye panga, wageni wa Ulaya na Marekani wakayanunua. Fundi mmoja hodari, Kano Natsuo, alikuwa amekwisha kuanza kuchora nakshi za sarafu. Mkono uliopamba upanga ukapamba fedha.

Mwaka huo huo wa 1876, jirani zetu wa Karagwe walikuwa na mfalme aitwaye Rumanyika, na mzungu Stanley alifika kwake akaonyeshwa hazina yake: mikuki, ng'ombe wadogo wa chuma, vyombo vya shaba. Ile haikuwa mikuki ya kwenda nayo vitani. Ilikuwa ya kuonyesha kwamba mfalme yupo.

Basi nikaruka kwa furaha. Nikasema, hili hapa jibu! Nakshi ni lugha ya silaha iliyolala. Upanga ukiwa alani, mgeni anaona bamba, anaona mpini, anasoma kereng'ende. Ukishachomolewa, nani ana muda wa kusoma? Kwa hiyo anayepamba silaha anaomba isichomolewe. Na mapanga ya mwaka 1994, je, yalikuwa na nakshi? La. Mengi yalikuwa mapanga ya kiwandani, ya kukatia migomba, yasiyo na ua wala waya. Nikajiambia kwamba uzuri hauna damu mikononi.

Nikamwendea mshikaji wangu na hotuba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, tena kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa. Na hao Wajapani walipoingia China?"

Nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa sitaki kukumbuka. Upanga mpya wa maofisa wa jeshi la Japani, uliotolewa mwaka 1934, ulikuwa na maua ya cheri kwenye mapambo yake. Maua yale yale ya kitabu changu. Nao ndio uliokuwa kiunoni mwa maofisa mwaka 1937 mjini Nanjing, mateka na raia walipokuwa wakichinjwa. Maua hayakumzuia mtu. Huenda hata yalimsaidia kujiona anafanya jambo tukufu.

Kisha akaniambia neno ambalo limenikaa kama mwiba. "Wewe unajua usemi wa mpini na makali? Nakshi zote ziko upande wa mpini. Aliyeshika makali hazioni."

Nikarudi kwenye kitabu, nikakagua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kumpinga. Kweli, lile bamba lina uso na kisogo, na uso wake mzuri unaelekea mpinini. Waya wa ala yangu ulimpamba aliyevaa. Kitako cha mkuki wangu kina pete, lakini kichwa chake, kama kilivyokuwa, kilikuwa chuma kitupu. Sisi tunaokusanya vitu hivi, tukiwa Dar, London au Tokyo, tunasimama daima mahali aliposimama mwenye silaha. Tunaona alichokiona yeye. Na tukishavua pambo kwenye upanga na kulitia kwenye kabati ya kioo, tunakuwa tumemaliza kabisa habari ya upande wa pili.

Je, basi niitupe ala? Nilifikiri hivyo kwa wiki nzima. Muuza vinyago mmoja aliwahi kuniahidi fedha nzuri, fedha ambayo ingenilipia kodi ya miezi kadhaa. Lakini nikiiuza, yeye ataitundika dukani, mtalii ataipeleka kwao, na huko itakuwa "ala nzuri ya Afrika." Kisu kitakuwa kimefutika kabisa. Na nikiitupa? Nitakuwa nimesafisha ukuta tu. Kutupa ushahidi nako ni namna ya kujitetea.

Na kurudisha, nirudishe kwa nani? Desemba 1996 serikali yetu iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, wakarudi kwa daraja lile lile. Yule mzee, kama alifika, alifika bila ala. Leo Rusumo kuna daraja jingine, lililozinduliwa mwaka 2016, malori yanapita na mchele na saruji. Jina la mzee hakuna anayelijua. Huenda kisu chake kilichonga vijiti vya kujengea kibanda, basi. Huenda sivyo. Nikisema alikuwa muuaji, namsingizia mtu aliyempa mama yangu kitu kizuri kwa bei ya kudhulumiwa. Nikisema hakuwa, nasema hivyo kwa faida ya ukuta wangu.

Hapo ndipo nilipofika, wenzangu. Sasa naamini kwamba kupenda nakshi ya silaha si dhambi, maana fundi aliyezungusha ule waya alikuwa mtu kama wewe na mimi, mwenye macho na subira, na kazi yake inastahili kuonwa. Kinachoniogopesha ni kupenda nusu ya kitu na kujifanya ndiyo yote. Mkusanyaji wa mabamba ya panga anayejua kusoma kereng'ende lakini hataki kuuliza makali yalipita wapi, amesoma nusu ya kitabu. Mimi nilikuwa hivyo, tena nilikuwa najisifu.

Nimefanya jambo moja dogo. Nimechukua kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa kalamu ya wino: "Ala. Ilinunuliwa Benaco, Ngara, 1994, kwa mkungu mmoja wa ndizi. Kisu chake kiliachwa kwenye lundo, daraja la Rusumo. Hakijulikani kilifanya nini." Nimekibandika chini yake.

Wageni siku hizi hawaisifii haraka. Wanasoma, wananyamaza, halafu wanaitazama tena. Mmoja alisema nimeharibu pambo. Mwingine aliomba tuzime taa tuketi barazani.

Mshikaji wangu alikuja Jumapili iliyopita. Alisoma karatasi, akasoma tena. Akanyosha kidole, akaugusa ule waya wa shaba kwa mara ya kwanza, akasema, "Fundi wake alikuwa na mkono." Kisha akaniomba niigeuze ala, upande wa tundu uelekee ukutani.

Nimeigeuza. Lakini sijui kama alitaka nimfichie yeye lile tundu, au alitaka niache kulitazama mimi. Ndugu msomaji, wewe ungeiweka wapi?