Jitimai na Adabu ya Huzuni

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Liko neno ambalo hapa Kisangani halisikiki sokoni wala kwenye kilio: jitimai. Ni neno la washairi wa pwani, kule ambako Kiswahili chetu kilitoka pamoja na misafara ya akina Tippu Tip. Sisi twasema huzuni, ambalo ni huzn ya Kiarabu, lile lile lililomo katika Qur'ani. Jitimai ni huzuni iliyozama. Mama anauza makayabo yake, anacheka na wateja, na ndani anaungua.

Mji huu waijua. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kati yetu kwa silaha nzito. Raia mamia waliuawa. Wengine walizikwa lupangoni, maana kuvuka mji hakukuwezekana. Waliobaki wakaambiwa, "Subiri," nao wakadhani kusubiri ni kunyamaza.

Sivyo. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, alijibu kwamba mashtaka yake humpelekea Mwenyezi Mungu. Hakuikana huzuni. Na papo hapo, tazameni, akawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye! Mtume wetu (s.a.w.) naye alitokwa machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, ila hakutamka lisilomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na makelele ya kijahiliya.

Basi mjane wa vita vya siku sita anayepeleka karatasi zake kudai fidia hajapungukiwa subira. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliihukumu Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu. Humo mna haki za mayatima, na Qur'ani imekwisha kutuambia mla mali ya yatima kwa dhuluma anatia nini tumboni. Anayeandikisha maiti asiye wake, naye asikie.

Leo baada ya swala, mwenye jirani aliyefiwa siku zile amtembelee. Asianze na neno "subiri". Akae, amwache alitaje jina la marehemu wake.

Wabillahi tawfiq.