Kesho ya Mtu Mwenye Arosto

Sisi wa Mkwaja twajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, wala hayamngoji mvuvi. Lakini saa iliyomo ubongoni haiko hivyo. Huendeshwa kwa kemikali, mojawapo ikiitwa dopamini, na dawa za kulevya huivuruga. Aliyevuta bangi huona dakika chache kuwa nyingi. Mtumiaji wa heroini, dawa ikimwisha mwilini, hushikwa na arosto: maumivu, jasho, kukosa usingizi, na saa moja kwake huwa kama usiku mzima.

Basi twauliza: kijana huyo akituahidi, "Kesho nitaacha," kisha asiache, je, ametudanganya? Wengi husema ndiyo. Sisi twaona kwamba kesho yetu i karibu, bali yake iko ng'ambo ya maumivu asiyoyaona mwisho. Kumwita mwongo ni kumpima kwa saa asiyo nayo.

Hatusemi kwamba hana wajibu. Akiiba, ameiba. Ila wajibu wake waanzia pale anapoweza kufika. Ndiyo maana kliniki ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, humpa mgonjwa dozi moja kila siku, nayo huzuia arosto hadi siku ya pili. Hapo huipata tena leo iliyo kamili. Nasi tulio na saa nzima, yatupasa tusimdai ahadi ya mwaka. Tumwulize kama leo amekunywa dawa, na kama bado, tumsindikize.