Rudi Magoti Yangali na Nguvu

Mjukuu wangu, njoo ukae hapa kivulini. Hiyo simu ilaze kifudifudi kwanza. Sitakuweka sana, lakini nataka unisikilize mpaka mwisho.

Umezaliwa hapa Muze, miguuni pa Lyamba lya Mfipa. Ule mlima unaujua. Wewe unaupanda nyuma ya bodaboda, kofia umeigeuza kisogoni. Sisi tuliupanda kwa miguu, samaki wakavu kichwani, tukiwapeleka Sumbawanga. Siku ya kuteremka tuliimba njia nzima. Siku ya kupanda sikumsikia hata mmoja akiimba. Ndipo nilipojitungia neno langu: anayeteremka hana habari na magoti.

Kuiacha imani ni kuteremka, mwanangu. Hakuna anayejirusha kutoka juu kwa siku moja. Jumapili ya kwanza umechoka. Ya pili una mzigo wa mpunga wa kupakia. Jumuiya wanasali kwa jirani, wewe unapita kando kama huwajui. Kisha umemchukua binti wa watu mnaishi bila ndoa, Komunyo hupokei, na unaona aibu kubaki kwenye benchi wenzako wakipanga mstari. Unaamua heri usiende kabisa. Mwisho biashara inayumba, rafiki anakushika mkono usiku mpaka kwa mganga, unatoka na chale kifuani na kijikamba kiunoni.

Kila hatua ilikuwa fupi. Lakini ukigeuka sasa, mlima wote uko juu yako. Rudi, mjukuu wangu.

Najua unachokiogopa. Unaogopa kuaibishwa. Nami nitakuambia aibu ninayoijua.

Mwaka 1964 kamchape, wale wasaka wachawi, walipita Ufipa. Nilikuwa mtoto, lakini wa kuona na kukumbuka. Watu waliobatizwa, watu wenye rozari shingoni, walijipeleka kuchanjwa dawa ili wasionekane wachawi. Waliotuhumiwa walidaiwa watoe pembe zao za uchawi mbele za watu. Asubuhi tulikuwa kijiji kimoja. Jioni kulikuwa na waliosafishwa na walioaibishwa, na majirani hawakuombana tena moto wala chumvi.

Huo ndio usafi wa binadamu. Unahitaji umati, na lazima apatikane wa kuzomewa.

Mungu hana kamchape. Kwake unapiga goti, unanong'ona, na padre anayekusikia amefungwa mdomo mpaka kaburini. Hulipi kuku wala hela. Kamchape huingia nyumbani mwako kutafuta pembe. Mungu huingia akikutafuta wewe.

Sasa tazama ziwa letu. Momba inaingia. Songwe inaingia. Vijito vya mlimani vinaingia. Mto wa kutoka haupo hata mmoja. Maji yanafika matamu, jua linayanyanyua, chumvi inabaki chini. Ndiyo maana Rukwa ni ziwa la magadi: limejaa maji, na mwenye kiu analiangalia tu.

Moyo wa asiyeungama uko hivyo hivyo. Kila kitu kinaingia, hakuna kinachotoka. Kosa la jana linakaukia juu ya kosa la juzi, mpaka mtu mwenyewe hawezi kuionja nafsi yake.

Nilikuwa na rafiki tuliyebatizwa naye siku moja. Alikaa nje ya kanisa zaidi ya miaka thelathini. Nikimwambia twende, alinijibu, "Mungu ataanzia wapi na mimi?" Alipougua nilitaka kumwita padre, akageukia ukutani. Usiku wa mwisho aliniambia lile lililomweka nje. Mjukuu wangu, lilikuwa jambo dogo. Ningeweza kulibeba mfukoni. Yeye alilibeba mgongoni hadi likamvunja.

Amekwisha lala. Rehema ya Mungu ni pana, namwachia Mungu. Lakini ile miaka thelathini aliyoishi bila amani, nani atamrudishia?

Kuna uongo wa aina mbili, nao ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza unasema, "Mungu ni mwema, nitatubu uzeeni." Wa pili unasema, "Nimekwenda mbali mno, hanitaki tena." Mmoja hucheka, mwingine hulia, lakini wote wawili wanakuweka mahali pale pale. Usimsikilize hata mmoja. Msamaha hauna riba, ila siku zako zina hesabu.

Tena usidhani ni wewe wa kwanza. Mwaka 250, huko Kartago, Tunisia ya leo, Kaisari Decius alitaka watu wote wapeleke sadaka kwa miungu ya Roma. Wakristo wengi waliogopa kufa wakapeleka. Wengine walinunua vyeti vya kuonyesha kwamba wamekwisha toa. Naam, vyeti vya kununua havikuanza kwetu! Tufani ilipopita walirudi wakilia, na wako waliotaka wafungiwe mlango. Askofu wao, Sipriani, Mwafrika kama wewe, akakutana na maaskofu wenzake mwaka 251, wakaamua kwamba anayetubu apewe muda wa toba, kisha apokewe. Kama walioikana imani hadharani walipokewa, wewe mwenye kijikamba kiunoni utashindikanaje?

Lakini sikia na upande huu, maana sitakudanganya. Kusamehewa si kufuta ubao na kuondoka unapiga mluzi. Zakayo wa Injili aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Kama umemdhulumu mwenzio gunia, rudisha gunia. Kama yule binti umemzalisha, usimfanye mgeni nyumbani mwako. Fuata taratibu, mfunge ndoa.

Na kama mganga alikutajia bibi fulani kuwa ndiye anayekuloga, nawe ukalibeba jina lile ukalitembeza kijiweni, nenda kwake ukamwombe msamaha kwa sauti. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni zilizowapikia wajukuu. Katika mkoa wetu huu wazee wameuawa kwa jina lililotajwa gizani. Neno ulilolirusha halirudi lenyewe. Mrushaji ndiye wa kulifuata. Jina la Sumbawanga tunalifasiri kuwa ni kutupa uchawi. Basi anza kwa kuutupa huo wa ulimi.

Mvuvi wa kweli hautupi wavu kwa sababu umenasa matope. Anausuuza, anaushona, anaingia nao ziwani alfajiri. Na Mungu ni mvuvi mvumilivu kuliko wote.

Mimi mzee wako nimefika umri ambao kila Misa naihesabu. Mlima siupandi tena. Wewe magoti yako yangali na nguvu, ndiyo maana nakusihi leo, sikusihi mwakani.

Jumamosi hii padre atakaa kuungamisha kabla ya jioni. Nitakuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Sitakuuliza ulikuwa wapi wala umesema nini. Kata hicho kijikamba, oga, uje. Nimekuwekea nafasi.