Ukuta Wenye Unyevu: Je, Kupamba Ni Kudanganya?



Leo nina ungamo kidogo. Usiogope, la kwenye kitubio nilishalimaliza. Hili ni kwa ajili yako wewe unayetaka kuchora picha kubwa ukutani nyumbani kwenu, na pia wewe ambaye hujawahi kushika brashi lakini kuna jambo umelifunika.

Mwaka juzi ukuta wa sebuleni kwetu ulianza kutoa chumvi. Nyuma yake kuna bafu, na bomba lilikuwa linavuja ndani kwa ndani. Mama akanipa shilingi elfu sitini nimwite fundi bomba. Sikumwita. Hela iliisha kidogo kidogo: vocha, chipsi, nauli ya kwenda kwa marafiki. Mama alipouliza nikamjibu, "Fundi alishakuja, Mama. Unyevu utakauka wenyewe."

Doa likazidi kukua. Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo linanitia aibu: nitamchora Bikira Maria juu yake.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, nisiseme uongo tena. Nilichukua kadi ya picha takatifu ya sentimita 6 kwa 10, nikaigawa katika miraba ya sentimita 1. Ukutani nikapiga miraba ya sentimita 20 kwa uzi na penseli, kisha nikahamisha mistari mraba kwa mraba. Kwa anayeanza, njia hii inasaidia sana, maana huchori uso mzima. Unachora kipande kidogo cha shavu, halafu kingine. Nikapaka rangi ya maji, kwanza sehemu kubwa kama anga na vazi, mwishoni macho na vidole kwa brashi nyembamba. Kila tabaka nililiacha likauke kabla ya lingine.

Nilichoruka ni kile cha mwanzo kabisa: kutafuta unyevu unatoka wapi na kuuzuia, kuuacha ukuta ukauke, kukwangua rangi iliyolegea, kuziba mashimo kwa puti, kupiga msasa, kupaka praima. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliupamba.

Sifa zikaja kweli kweli. Mama alimwonyesha kila mgeni. Oktoba, mwezi wa Rozari, jumuiya ikaja kusali kwetu. Katikati ya mafumbo bibi mmoja akanyamaza, akasogea karibu na ukuta. Chini ya jicho la Bikira rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, na mstari wa maji ulikuwa unashuka shavuni.

"Jamani," akasema kwa sauti ya chini, "Mama analia."

Watu wakafanya ishara ya msalaba. Mmoja akatoa simu apige picha. Mimi moyo ulinienda mbio. Nikinyamaza nimepona, tena si kupona tu, nitakuwa kijana aliyechora picha ya muujiza. Lakini nilimtazama yule bibi pale sakafuni, magoti yake yenye maumivu, na nikajua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimemwibia na yeye pia.

"Bibi, naomba unisamehe," nikasema. "Hayo ni maji ya bafuni. Fundi hakuja. Hela nilikula mimi."

Mama hakusema neno. Aliendelea na Salamu Maria pale ilipokuwa imekatika.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, kupamba kitu chenye kasoro ni uongo? Maana kama ni hivyo, nani atachora? Mwimbaji wa kwaya anayeimba vizuri Jumapili huku anapambana na dhambi ileile kila wiki, ni mnafiki? Wewe unayevaa rozari shingoni na moyo una vita, uivue?

Yesu aliwafananisha Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, yanayopendeza kwa nje na ndani yamejaa mifupa. Lakini fikiria kidogo. Wayahudi walikuwa na desturi ya kuyapaka makaburi chokaa ili mpita njia ayaone kwa mbali, asiyaguse akatiwa unajisi. Yaani chokaa ile ilikuwa onyo. Ilisema ukweli: hapa kuna kifo. Kumbe kosa haliko kwenye rangi. Rangi ileile inaweza kufichua na inaweza kuficha.

Kwa hiyo naona jibu liko hapa: unafiki hauanzi pale picha inapokuwa nzuri kuliko ukuta. Sote picha yetu ni nzuri kuliko ukuta. Tulibatizwa katika utakatifu ambao bado hatujaufikia. Unafiki unaanza pale unapoitumia picha ili mtu asiulize habari za ukuta. Mwimbaji anayepambana na kuungama anachora kwa matumaini. Mimi nilichora ili Mama asiguse pale.

Na ustadi hauokoi. Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho huko Milano, katika ukumbi wa kulia wa watawa Wadominiko, kati ya 1495 na 1498. Wachoraji wa wakati wake walizoea kupaka rangi kwenye lipu mbichi ili ishikamane nayo ikikauka. Yeye alitaka kufanya kazi polepole na kurudia-rudia, akachora kwenye ukuta mkavu. Rangi ikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa bado hai. Ukarabati mkubwa wa mwisho ulianza 1978 ukaisha 1999: miaka 21 kuhangaikia kazi iliyochorwa kwa takriban mitatu. Yeye hakuwa na nia mbaya kama yangu, lakini ukuta haujali jina la mchoraji.

Niliungama Jumamosi iliyofuata. Padre alinikumbusha jambo tunalolisahau: ondoleo linafuta dhambi, lakini uharibifu tulioufanya bado unadai kutengenezwa. Kama uliiba, rudisha. Basi nikabeba tofali kwa jirani aliyekuwa anajenga hadi hela ikatimia. Fundi sasa alitaka elfu tisini, maana uvujaji ulikuwa umesambaa. Mimi na Mama tukamkwangua yule Bikira wa kwanza, kipande kwa kipande, tukauacha ukuta wazi wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wageni waliokuja waliliona doa. Tuliwaambia ni nini.

Halafu puti, msasa, praima, miraba. Nikachora tena.

Shavu la sasa si zuri kama la kwanza, nilikosea kivuli kidogo. Lakini ukiligusa, ni kavu.

Jiulize wiki hii: Ni swali gani ninaogopa nisije nikaulizwa? Na ni kitu gani kizuri nimekiweka mbele yake?

Tusali: Ee Bwana, wewe unauona ukuta kabla ya picha. Nipe ujasiri wa kukwangua, na subira ya kungoja pakauke. Amina.

Tuombeane, kijana mwenzangu.