Hema Lisemalo Kweli

Wahenga walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twalisema kila siku barazani bila ya kuuliza: mwenyeji apone maradhi gani, na mgeni aje na dawa gani? Jibu jepesi la zama zetu ni fedha. Mimi swali hili lilinikabili mbali na bahari, ukingoni mwa jangwa la Sharqiya, Oman, bahari ya mchanga ya kilomita za mraba zipatazo 12,500, ambayo zamani ilijulikana kwa jina la kabila la Wahiba.

Nilikwenda Ibra kumzuru ami yangu. Mji huo na jirani zake ndiko walikotoka wengi waliohamia Unguja na Pemba, na hadi leo Kiswahili husikika huko. Nikatamani kulala jangwani. Nikachagua kambi kwa kutazama picha: hema jeusi la singa za mbuzi, moto, ngamia, na ahadi ya "maisha halisi ya Kibedui".

Karibu na Bidiyah kijana alinisimamisha, akaniapia kuwa gari langu halitafika asiponiongoza yeye, kisha akataja bei. Mtu huyu twamjua. Kwetu Unguja huitwa papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Nikalipa. Kufika, hema ni la turubai, jenereta inanguruma hadi usiku wa manane, ngamia anazungushwa mara moja kwa malipo ya pekee, na baada ya chakula mwanamke akacheza kiuno kwa muziki wa spika, mchezo usio na asili yoyote katika jangwa hilo.

Nilirudi kwa ami nikilalama. Akaniuliza: "Mwanangu, ulitaka kumuona Mbedui, au Mbedui wa kwenye picha?"

Nikakosa la kusema. Kwani Wabedui wa Sharqiya leo wengi wana nyumba za matofali, huendesha pikapu, na watoto wao wamo maskulini. Ngamia hufugwa pia kwa mashindano ya mbio. Kiangazi, joto lipitapo nyuzi 40, wako wahamao mchangani wakaenda kwenye mashamba ya mitende wakati wa kuvuna tende. Hayo ndiyo maisha halisi. Nami ningeonyeshwa hayo, huenda ningedai kuwa nimepunjwa.

Wako wasemao kwamba uongo autakao mnunuzi si uongo, ni mchezo wa kuigiza. Hoja hii haikosi nguvu, lakini ina ufa. Katika mchezo wa kuigiza, jukwaani na ukumbini wote wanajua kuwa ni mchezo. Hapa ajuaye ni mmoja tu. Isitoshe, hasara haimfiki mgeni peke yake. Mwenye hema la kweli hupitwa mlangoni, na kijana wa jangwani hulazimika kuvaa maisha ya babu yake ili apate riziki. Sisi wa visiwani tusicheke: ngoma ngapi zetu zilizokuwa na siku yake na sababu yake, leo huchezwa kila jioni mbele ya meza za wageni?

Mara ya pili ami alinipa nambari ya simu ya familia moja. Kabla sijauliza, mwenyeji alinitajia kasoro zake: taa huzimwa baada ya chakula, choo ni cha shirika, gari dogo halivuki mchanga, kwa hivyo atanifuata mwenyewe penye lami, na bei ni hiyo hiyo pamoja na chakula. Akanionya nisije mwezi wa Julai. Nikalala juu ya mkeka, pikapu yake ubavuni, kahawa na tende mbele yetu, naye akanisimulia habari za mitihani ya bintiye.

Tangu hapo, nitafutapo malazi sitazami tena picha kwanza. Nauliza: kambi imo ndani ya mchanga au ukingoni? Nani atanivusha, na kwa malipo gani? Kilichomo katika bei ni kipi? Mwaminifu hujibu yote, hata yale yanayompunguzia wateja.

Na yule mwenyeji alipona nini? Nadhani alipona taabu ya kujifanya mtu mwingine nyumbani kwake. Lakini dawa hiyo hawezi kuipata mpaka mgeni naye akubali kuambiwa kweli.