Je, Nguvu ni Dawa?

Hapana mtu ajionaye kuwa mkatili. Atendaye ukatili aghalabu hujiambia kuwa anatenda wema. Baba ampigaye mwanawe kupita kiasi husema anamfunza. Askari ampigaye mfungwa husema analinda amani. Na jamaa wamfungao mgonjwa kwa kamba husema wanamponya. Kwa hiyo swali gumu si kama ukatili ni mbaya, maana hilo wote tunalikubali kwa ulimi. Swali gumu ni hili: je, mtu aweza kumtumia mwenziwe nguvu, kinyume cha hiari yake, kisha akasema kweli kuwa amemtendea heri?

Tuseme unaye ndugu mwenye miaka 16, katika kijiji kimoja karibu na Hola, kando ya mto Tana. Ndugu huyu halali usiku. Amejitenga na wenziwe, ameacha masomo, na mara nyingine husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Wako wasemao ana pepo, na wako wasemao ni mvivu. Siku moja anavunja vyombo na kunyanyua panga. Wanaume wanne wanamshika, wanamnyang'anya panga, na kumfunga kwenye mwembe. Hatari imekwisha, lakini kamba haifunguliwi. Siku inapita, na wiki inapita. Tazama vema mahali ambapo wema uligeuka kuwa ukatili. Haukugeuka pale walipomshika, kwa maana yeyote ampendaye angemshika. Uligeuka pale hatari ilipokwisha na kamba ikabaki.

Mji wa Hola unayo sababu ya kulijua jambo hili kuliko miji mingi. Zamani za Hali ya Hatari serikali ya kikoloni ilijenga kambi hapo, ikawaweka kizuizini watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Kambi haikuwa hospitali, na watu wale hawakuwa wagonjwa. Lakini lugha iliyotumiwa juu yao ilikuwa lugha ya tiba. J. C. Carothers, tabibu aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliiandikia serikali kitabu mwaka 1954, akiueleza uasi ule kwa hitilafu za nafsi za waasi. Na kazi ya kambi iliitwa kuwarekebisha watu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 85 walipelekwa kazini kwa nguvu, kwa mpango uliokwisha kuandikwa na kukubaliwa na wakubwa. Waliokataa kufanya kazi walipigwa kwa marungu. Watu 11 walikufa, na wengine wengi waliumia.

Kisha ikatolewa taarifa kuwa watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Maiti zilipochunguzwa zilionyesha majeraha ya kipigo, na mwezi wa Julai mwaka ule jambo hilo lilishutumiwa katika Bunge la Uingereza. Lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Hapo tunapata funzo letu la kwanza: nguvu iliyotumiwa kwa haki haihitaji uongo. Mtu asiyeweza kuandika kwa ukweli yale aliyomtendea mwenziwe amejihukumu mwenyewe kabla ya kuhukumiwa na mwingine.

Turudi sasa kwa kijana wetu. Wewe wajua kuwa ziko shule za bweni na shule za kutwa. Matibabu ya akili nayo ni vivyo hivyo. Yako ya kulazwa, na yako ya kutwa, ambayo mgonjwa hufika asubuhi, akapata dawa, mazungumzo, kazi za mikono na masomo, kisha jioni akarudi kwao. Barani Afrika njia hii si ngeni. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, utaratibu uliosifika duniani. Wagonjwa walikaa vijijini pamoja na jamaa zao, nao wakafika hospitali kutibiwa mchana. Lambo alitambua kuwa jamaa ni sehemu ya dawa.

Mimi naongeza kuwa jamaa ni sehemu ya ulinzi pia. Kijana arudiye nyumbani kila jioni huonwa na mama yake. Kama ana alama mkononi, mama ataiuliza. Kambi ya Hola ilikuwa na ua, na nyuma ya ua hapakuwa na mama wa kuuliza.

Lakini hata kituo cha kutwa chaweza kufikwa na saa mbaya, kijana akataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Hapo sheria njema ni hizi. Maneno ya upole yatangulie mikono. Mikono itumike kuzuia hatari iliyo mbele ya macho tu, isitumike kuadhibu wala kumpumzisha mwangalizi aliyechoka. Amshikaye awe amefundishwa kazi hiyo. Asimlaze kifudifudi, asimkalie kifuani wala kumbana shingo, maana watu wamekufa kwa kukosa pumzi mikononi mwa waliodai kuwasaidia. Asifungiwe chumbani peke yake akasahauliwa. Hatari ikiisha, mkono uachie. Siku ile ile tendo liandikwe, mzazi aambiwe, na kijana mwenyewe aulizwe lililomfika, ili kesho lisirudi.

Na kwa kuwa usiku kijana yuko kwao, nyumba nayo yapaswa kuwa na mpango. Dawa za hospitali na sumu za shambani zifungiwe kwa kufuli, panga liwekwe mbali, na ajulikane mtu atakayeitwa mambo yakizidi. Mzazi afichaye panga hamvunjii mwanawe heshima. Anampa muda, na muda umeokoa wengi.

Mtu atasema: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo ni ya kweli, lakini imebebeshwa mizigo isiyo yake. Humfunza mzazi asiogope chozi la mtoto afunzwaye. Haimruhusu kumwadhibu mtoto kwa ugonjwa. Wako wagonjwa ambao kutwa haiwatoshi, nao wapaswa kulazwa kwa muda. Hilo si aibu. Hata hospitalini sheria ni zile zile, kwani ukuta hauondoi utu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya heshima, ikakataza mateso na utendewaji wa kikatili, wala haikusema isipokuwa wagonjwa. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha sheria kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba hiyo. Aliyekata tamaa hivyo astahili tabibu kuliko askari.

Nawe, msomaji, usidhani mambo haya ni ya matabibu na majaji peke yao. Darasani mwako huenda yumo anyamazaye siku nyingi. Usimwite mwendawazimu. Kaa naye. Akikuambia kuwa ataka kufa, usiifanye siri, hata kama umemwapia. Mwambie mwalimu au mzazi siku ile ile. Rafiki aliyekasirika aweza kupatanishwa, aliyekufa hawezi.

Na siku utakapokuwa mzazi, mwalimu, askari au tabibu, ukamshika mtu kwa heri yake, jiulize maswali matatu. Je, hatari ingalipo? Je, naweza kuyaandika haya kama yalivyo? Je, ningeyatenda mama yake akinitazama? Ukishindwa kujibu ndiyo kwa moja tu kati ya hayo, fungua mkono wako.